Makopo matatu ya unga wa virutubisho kwa kinyonga: tathmini baada ya miezi saba ya matumizi

Seti ninayoitathmini hapa ina makopo matatu madogo ya plastiki. La kwanza lina unga mweupe wa kalsiamu peke yake, la pili lina kalsiamu iliyochanganywa na vitamini D3, na la tatu lina mchanganyiko wa vitamini na madini mengine. Huuzwa pamoja, kwa maelezo kwamba yakitumiwa kwa zamu yanatosheleza mahitaji yote ya kinyonga anayefugwa ndani. Nimeyatumia kwa miezi saba kwa kinyonga mmoja jike, na hukumu yangu haiko sawa kwa makopo yote: la kwanza ni zuri kwelikweli, la pili linafaa kwa masharti, na la tatu sikubaliani nalo. Sitaji kampuni iliyoyatengeneza, kwa kuwa seti za namna hii ni nyingi na zinafanana mno, na vigezo nilivyovitumia vinaweza kulipima kopo lolote litakalokuwa mkononi mwa msomaji.

Kinyonga mwenyewe ni wa spishi ya Chamaeleo calyptratus, ambayo asili yake ni Yemen na kusini-magharibi mwa Saudia. Alinifikia akiwa na umri wa takribani miezi minne na uzito wa gramu 31, na aliyenipa alinieleza kwamba ni mvivu wa kula. Siku ya kwanza tu niligundua kuwa uvivu haukuwa tatizo. Alikuwa akimwona nyenje vizuri, akageuza macho yote mawili mbele, akafungua mdomo, ncha ya ulimi ikachungulia. Lakini ulimi ambao kwa kinyonga mzima hufika mbali kuliko urefu wa kiwiliwili chake ulitoka sentimita mbili au tatu, ukaanguka chini ya kidevu kama uzi uliolowa maji, naye akahangaika kuurudisha ndani. Alikuwa akijaribu mara tatu au nne, kisha anakata tamaa na kufumba macho. Huyo hakuwa mvivu. Alikuwa na njaa, na kile anachokitegemea kukamatia chakula kilikuwa kimeishiwa nguvu. Daktari wa wanyama alipompiga eksirei, mifupa ilionekana hafifu na miguu ya nyuma ilikuwa imeanza kupinda. Kwa mtoto wa binadamu tungesema ana matege.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu unga wa kalsiamu hauwezi kupimwa vizuri bila kuelewa kazi unayotakiwa kuifanya. Misuli, mishipa ya fahamu na moyo vyote vinahitaji kalsiamu katika damu wakati wote, na mwili usipoipata katika chakula huichota katika mifupa. Taya hulainika, miguu hupinda, vidole hutetemeka na kushindwa kushika tawi, na ulimi, ambao hutegemea misuli yenye kasi ya ajabu, huwa miongoni mwa viungo vya mwanzo kuonyesha udhaifu. Wadudu wanaofugwa kwa ajili ya kulishia, hasa nyenje na mabuu ya mbawakawa wa unga, wana kalsiamu kidogo na fosforasi nyingi. Kwa nyenje fosforasi huwa mara kadhaa ya kalsiamu, ilhali kinachopendekezwa kwa mjusi mla wadudu ni kalsiamu kuzidi fosforasi, takribani moja na nusu au mbili kwa moja. Fosforasi inapozidi hivyo huizuia hata ile kalsiamu kidogo iliyopo isifyonzwe vizuri. Kwa hiyo kinyonga anayekula nyenje kumi kwa siku na kushiba anaweza kuwa anaelekea kwenye matege huku mwenye kumfuga akifurahia jinsi anavyokula.

Kazi ya kopo la kwanza, basi, ni kuusawazisha uwiano huo, na linaifanya vyema. Lebo inasema ni kalsiamu kaboneti, isiyo na fosforasi wala D3, na kwamba kalsiamu yenyewe ni asilimia 38 ya uzito. Kiasi hicho kinaaminika, kwa kuwa kalsiamu kaboneti safi kabisa ina kalsiamu asilimia 40. Sifa yake kubwa, hata hivyo, nimeiona mkononi kuliko kwenye lebo: unga ni laini sana. Ukiusugua kati ya vidole hausikii chembe hata moja, nao unashika kwenye miguu na mbawa za nyenje badala ya kudondoka chini ya kikombe. Kabla yake nilikuwa na unga mwingine uliosagwa kutokana na magamba ya chaza, wenye chembe kama za mchanga mwembamba, na tofauti ilionekana waziwazi. Niliwapaka nyenje sita kwa kila unga na kuwaweka katika vyombo viwili angavu. Wale wa unga wenye chembe walikuwa karibu safi baada ya dakika kumi, ilhali wale wa unga laini walibaki na rangi ya vumbi kwa zaidi ya nusu saa. Hilo si jaribio la kisayansi, lakini kwa mfugaji ndilo jambo lenyewe, kwani unga ulioanguka sakafuni haumfikii kinyonga.

Hata unga laini una mwisho wake. Nyenje ni mdudu anayejisafisha bila kuchoka, na ukimwachia huru ndani ya kizimba kikubwa kilichojaa majani, atakapokamatwa saa mbili baadaye atakuwa amekwisha kujipangusa. Kijitabu kilichomo kwenye boksi hakigusii jambo hilo hata kwa neno moja. Kinasema tu wapake wadudu kisha wape. Mimi hutumia kikombe chenye kuta za utelezi, kilichofungwa kwenye tawi analopenda kukaa asubuhi, nao nyenje wanne waliopakwa huliwa ndani ya dakika chache. Kikombe hicho pia kilimfaa wakati ulimi wake ulipokuwa dhaifu, kwani angeweza kusogea hadi umbali wa sentimita tatu na kumchukua mdudu asiyeweza kukimbia. Kwa wiki tano za mwanzo aliishi kwa namna hiyo, pamoja na dawa ya maji yenye kalsiamu ambayo daktari aliagiza apewe mdomoni. Nalisema hili bila kuficha: kinyonga ambaye mifupa yake imekwisha kulainika haponi kwa unga wa kupaka wadudu, na mwenye kuona dalili nilizozitaja asikae akingoja kopo lifanye kazi ya daktari.

Jambo moja zaidi kuhusu kupaka: kiasi. Picha ya kwenye boksi inaonyesha nyenje mweupe kabisa kama aliyegaagaa kwenye unga. Ukimpa kinyonga mdudu wa namna hiyo, mara nyingi ataonja, atatoa ulimi nje, atapangusa mdomo kwenye tawi, na kesho yake atasita. Wangu alifanya hivyo mara mbili, na mara ya pili vumbi lilimwingia jichoni akashinda mchana mzima akilizungusha na kulifumba. Chembechembe kidogo katika mfuko, wadudu wakatikiswa taratibu mpaka waonekane kama waliopitiwa na vumbi la barabarani, zinatosha kabisa.

Kopo la pili ndilo linalohitaji maelezo marefu kuliko yote, na kijitabu kimelipa sentensi mbili. Vitamini D3 ndiyo inayouwezesha utumbo kuifyonza kalsiamu. Bila hiyo, sehemu kubwa ya unga wa kopo la kwanza hupita tu na kutoka. Kinyonga porini hujitengenezea D3 katika ngozi yake anapoota jua, kwa msaada wa mionzi ya urujuanimno ya kundi B, na akishaitengeneza kwa njia hiyo mwili wake hujizuia usizidishe. Ile inayoliwa haina kizuizi cha namna hiyo. Ikizidi, kalsiamu huanza kuganda mahali pasipotakiwa, kwenye figo na kuta za mishipa ya damu, na madhara hayo hayarekebishiki kirahisi. Watafiti waliochunguza kinyonga wa Madagaska aitwaye Furcifer pardalis waligundua kwamba wale waliolishwa D3 kidogo walijisogeza zaidi kwenye mionzi hiyo, na wale waliolishwa nyingi walijiepusha nayo. Mnyama mwenyewe, kwa maneno mengine, anajua kupima, mradi tu apewe taa nzuri na kivuli cha kutosha ili awe na pa kuchagua. Ndiyo maana mimi naliona kopo la pili kuwa la akiba, na taa kuwa msingi.

Kwa kinyonga wangu taa ndiyo iliyokuwa imekosekana bila mtu kujua. Alitoka kwa aliyenipa akiwa na taa yake, na ilikuwa ikiwaka vizuri. Lakini ilikuwa imetumika kwa zaidi ya mwaka na nusu, na taa hizi huendelea kutoa mwanga unaoonekana muda mrefu baada ya mionzi inayohitajika kupungua mno. Nyingi hupaswa kubadilishwa kati ya miezi sita na kumi na miwili. Juu ya hayo, iliwekwa nyuma ya kioo, na kioo cha kawaida huzuia karibu mionzi yote hiyo. Kwa miezi ile minne alikuwa akiota mwanga mtupu. Nikinunua unga bora kuliko wote duniani na kuiacha taa ile mahali pake, ningekuwa nikijaza maji kwenye pakacha.

Kasoro ya kopo la pili ni kwamba lebo haisemi lina D3 kiasi gani katika kila gramu. Inasema tu imeongezwa. Kwa vitamini ambayo upungufu wake huua na wingi wake huua, hilo ni kosa kubwa, na sioni sababu yoyote ya kulivumilia. Nimelitumia mara mbili kwa mwezi tu, kwa ushauri wa daktari, kwa kuwa taa yangu ya sasa ni mpya na ya kuaminika. Mwenye kufuga kinyonga wa milimani kama Trioceros jacksonii, ambaye dume lake lina pembe tatu, anatakiwa awe mwangalifu zaidi, kwa sababu wafugaji wazoefu na madaktari wamekuwa wakionya kwamba spishi hiyo huvimba shingo na kuonyesha dalili nyingine virutubisho vinapozidishwa. Kijitabu hakitofautishi spishi hata kidogo. Kinamwelekeza mfugaji wa kinyonga wa nyanda kavu na yule wa misitu yenye ukungu kutumia kipimo kilekile.

Sasa kopo la tatu. Lebo yake imejaa majina ya vitamini na inavutia macho, lakini nilipotafuta vitamini A nilikuta beta-karotini peke yake. Beta-karotini ni malighafi ambayo wanyama wengi huigeuza kuwa vitamini A ndani ya mwili. Kwa kinyonga na wala wadudu wengine kadhaa, uwezo huo una mashaka makubwa, na wadudu wa kufugwa nao wana vitamini A kidogo mno, hivyo kinyonga anaweza kula karotini kila wiki na bado akapungukiwa. Upungufu wenyewe hujionyesha kwa kope kuvimba, macho kufumba mchana, ngozi kung'ang'ania wakati wa kujivua gamba, na magonjwa ya mdomo na ya kifua yasiyokwisha. Mwezi wa nne wa kutumia seti hii, kope za kinyonga wangu zilianza kuvimba. Nilifikiri ni vumbi la unga tena, nikapunguza unga. Haikuwa hivyo. Kinyonga asiyeona vizuri hawezi kulenga, na asiyelenga hali. Ndani ya siku tisa alipoteza gramu sita, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba ulimi wake umepona. Daktari aliuliza anakula unga gani, akasoma lebo, akanionyesha mstari ule wa beta-karotini.

Nimebadilisha na kutumia mchanganyiko mwingine wenye vitamini A iliyo tayari, ambayo kwenye lebo huandikwa retinoli au asetati ya retinili, mara mbili kwa mwezi na si zaidi. Nayo si ya kuchezea. Vitamini A iliyo tayari ikizidi hubambua ngozi na huingilia kazi ya D3, na hivyo kuirudisha ile shida ya mifupa kwa mlango wa nyuma. Kwa sababu hiyohiyo nashangazwa na maelekezo ya kopo la tatu yanayosema litumiwe kila siku. Inawezekana watengenezaji waliona kwamba karotini haina hatari ya kuzidi, na hapo wako sahihi. Lakini katika kopo hilohilo kuna D3 pia, imeandikwa kwa herufi ndogo kwenye safu ya mwisho, na mfugaji anayefuata maelekezo ya makopo yote matatu kwa uaminifu atakuwa anampa mnyama wake D3 kutoka pande tatu: kopo la pili, kopo la tatu na taa. Seti iliyotengenezwa na watu walewale na kufungwa kwenye boksi moja ilipaswa kufikiriwa kama kitu kimoja.

Dai la kutosheleza mahitaji yote nalikataa kwa sababu nyingine pia. Unga uko nje ya mdudu. Kilicho muhimu zaidi kiko ndani yake. Nyenje aliyekaa na njaa kwenye boksi siku tatu ni ganda lenye maji kidogo, na yule aliyelishwa kwa siku moja au mbili majani mabichi ya kijani, karoti na boga humpa kinyonga vitu ambavyo hakuna kopo linalovitoa. Nimeona pia kwamba kubadilisha aina ya wadudu kunarudisha hamu ya kula kuliko kitu kingine chochote. Mabuu ya nzi askari mweusi, ambayo yana kalsiamu nyingi kuliko fosforasi bila kupakwa chochote, yalimfanya ashuke matawi mawili kuyafuata, mnyama ambaye kwa kawaida hupiga hatua moja na kutafakari ya pili. Kijitabu kinashauri kupunguza unga pale kinyonga anapokataa chakula. Ni ushauri mwembamba. Kinyonga hukataa chakula kwa sababu kizimba kina baridi na tumbo halisagi, kwa sababu anajivua gamba, kwa sababu ana mayai tumboni, kwa sababu amechoshwa na nyenje wa kila siku, kwa sababu anajiona kwenye kioo na kudhani kuna mwingine, kwa sababu ana minyoo au kidonda mdomoni. Na mara nyingi sana ni kwa sababu hana maji. Spishi hizi hulamba matone kwenye majani na wengi hawatambui maji yaliyotulia kwenye bakuli. Sehemu ile ya choo ambayo inapaswa kuwa nyeupe ikigeuka ya manjano au ya rangi ya chungwa, na macho yakadidimia, cha kutafuta ni maji kabla ya unga wowote. Mnyama asiye na maji anayeendelea kupewa protini nyingi huzielemea figo zake, na asidi ya yuriki, taka ambayo figo zilipaswa kuitoa, huanza kujikusanya kwenye viungo.

Kwa jike kuna hatari nyingine ambayo sijaona kopo lolote likiitaja, nayo ni ukarimu wetu wenyewe. Jike wa Chamaeleo calyptratus hutaga hata bila dume, na akilishwa kupita kiasi katika joto kali anaweza kubeba mayai zaidi ya 80 kwa mara moja. Kila yai huchota kalsiamu kwake. Hakuna unga unaoweza kuifuata kasi hiyo, na wengi hufa wakiwa wameshindwa kuyatoa. Wangu sasa, akiwa na miezi kumi na moja, hula wadudu wanne au watano kila baada ya siku mbili, na mahali anapoota joto hapazidi nyuzi 28 za Selsiasi. Ananitazama kila asubuhi kana kwamba namnyima, na inaniuma, lakini mayai yake ya kwanza yalikuwa 24 tu na aliyataga bila shida.

Kuhusu vifungashio: vifuniko vya makopo havikazi sawasawa, na katika kizimba kinachonyunyiziwa maji mara kadhaa kwa siku unga uliowekwa karibu huganda vibonge. Kijiko kilichomo ni kikubwa mno kwa wadudu watano. Tarehe ya mwisho wa matumizi ipo, ila hakuna mahali pa kuandika tarehe ya kufungua, ilhali vitamini hupoteza nguvu taratibu baada ya kopo kuguswa na hewa. Mimi huandika tarehe kwa kalamu kwenye kifuniko, na kopo lenye vitamini silitumii zaidi ya miezi sita hata likiwa bado limejaa. Lile la kalsiamu tupu halina shida hiyo. Likikaa kavu linadumu.

Kinyonga wangu ana gramu 94 leo. Ulimi unafika anapotaka, ingawa miguu ya nyuma imebaki na mpindo ambao hautanyooka tena, na akiteremka tawi la wima hulazimika kushika mara mbili. Sehemu ya nafuu hiyo naihesabia kopo la kwanza, sehemu kubwa zaidi naihesabia taa mpya na daktari. Kopo la kwanza nitalinunua tena, peke yake kama wanaliuza peke yake. La pili nitaendelea nalo mpaka nipate jingine ambalo lebo yake inataja kiasi cha D3 kwa gramu. La tatu nimeliondoa kwenye rafu, na nimewaandikia watengenezaji kuwaomba mambo mawili: waandike vipimo vya D3 kwenye makopo yote mawili yanayoibeba, na wafute maneno "kila siku".